Kumuaga Pi Zuali, Aliye Hai

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Kijiji, Pu Dengkhuma. Mchungaji wetu, Pastor Zahmuaka. Waheshimiwa wazee wa kanisa mkiongozwa na Upa Chawngzika. Mheshimiwa daktari wangu, ambaye hayupo ukumbini ila yumo ndani ya simu ya mke wangu akitusikiliza kutoka Aizawl, na ambaye nawaombeni mumpungie mkono. Hapana, acheni, hawezi kuwaona, Mama Feli ameielekeza simu kwenye paa. Ndugu wageni waalikwa mliotoka vijiji vya ng'ambo ya mto. Akina mama wa kikundi cha maombi. Vijana, na watoto mliopanda madirishani. Na wewe mgeni wetu wa heshima, Pi Thangzuali, uliyeketishwa kwenye kiti chenye mto kama bibi harusi: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa cheo chake, Pu kwa bwana, Pi kwa bibi, Upa kwa mzee wa kanisa, na nikimsahau mtu aninong'oneze nimsalimu tena, kwa maana leo sichoki kusalimu.

Mnanisikia? Ninyi wa kule nyuma, karibu na ngoma, mnanisikia? Hebu semeni tena! Ah, mniwie radhi, ndugu zangu, nauliza kwa raha tu. Mtu aliyekaa siku ishirini na moja bila kusema hata "nipe chumvi" akirudishiwa mdomo wake huwa hana adabu. Asubuhi mke wangu ameniambia, "Baba Feli, umepewa dakika kumi na tano, usizifanye saa nzima." Nimemjibu kwamba nitajitahidi, na wote wawili tukajua kwamba nadanganya.

Tumekuja kumuaga Pi Zuali, ambaye baada ya miaka thelathini na moja anakabidhi uongozi wa kikundi cha kuwaombea wagonjwa. Lakini Baraza la Kijiji nalo limeniandikia barua likitaka jibu langu leo hii, mbele yenu: je, mimi Biakvela nitaendelea kuwa mtangazaji wa kijiji cha Bualtlang, au nikae pembeni, na ile simu yenye sauti yangu ya zamani iendelee kutangaza badala yangu? Barua hiyo nimetembea nayo mfukoni siku nane. Nilipokuwa nafunga vifungo vya shati hili bado sikuwa na jibu, na sababu yake si hekima wala tafakuri. Nilikuwa naogopa.

Tuanze na mama yetu. Nani humu ndani hajawekewa mkono na Pi Zuali? Nani hajaamka na homa akamkuta kando ya kitanda, amekwisha kuketi, amekwisha kufumba macho, na amekwisha kumwomba mwenye nyumba chai? Akina mama wengine wanapotenga konzi ya mchele kwa ajili ya kanisa kila wanapopika, yeye hutenga konzi mbili, ya pili kwa ajili ya mgonjwa aliye karibu. Na tangu mnara wa simu ulipofika mlimani kwetu, amekuwa akiwaombea wana wa Bualtlang popote walipo, aliye hospitali Delhi na aliye baharini, kwa simu ile ile yenye kioo kilichopasuka. Humwambia mgonjwa, "Weka simu pale panapouma." Pu Dengkhuma, naomba ruhusa ya kulisema la kwako. Mwenyekiti wetu alipougua tumbo akiwa mkutanoni mjini, aliiweka simu tumboni kwa utii mkubwa, na kwa kuwa tumbo halina masikio, hakusikia "amina." Alikaa robo saa nzima ameshikilia simu kitovuni, Pi Zuali amekwisha kukata zamani na yuko jikoni anakata mboga. Lakini alipona!

Upa Chawngzika, nakuona unacheka, na wewe usicheke sana. Ni wewe uliyesimama kwenye kamati ukauliza kwa uchungu, "Ndugu, tuambiane ukweli, Roho Mtakatifu anapita kwenye mtandao?" Na Pi Zuali, bila kuinua macho kutoka kwenye ufumaji wake, akakujibu: "Upa, wewe kila Jumapili unahubiri kwenye kipaza sauti. Kwenye waya anapita, ila mnara ndio unamshinda?" Kamati ikaahirishwa.

Sasa nije kwangu. Baba yangu alikuwa mtangazaji kabla yangu, na enzi zake kazi hii ilikuwa kifua tu: unapanda kilimani, unapiga ukelele, kijiji kinajua nani amezaliwa na nani amekufa. Mimi nilianza hivyo hivyo. Baadaye kijiji kikanunua vipaza sauti vinne na kunijengea kile kibanda pale juu. Je, niliacha kupiga kelele? Thubutu! Miaka kumi na moja nimeshika kipaza sauti mdomoni na bado nikapayuka kama vile ng'ombe yuko shambani. Mwaka huu sauti ilipokauka na kuanza kukatika, Daktari Hmingtei alinichungulia kooni kwa kidude chake chenye taa akaniuliza, "Pu Vela, kwa nini unapiga kelele wakati una mashine?" Nikasema, "Ili wasikie, daktari." Akanitazama kwa huruma ambayo sijaisahau. Kumbe mimi, niliyeuliza kila Jumapili kama watu wana imani, sikuwa na imani hata na betri.

Akaniambia kuna uvimbe kwenye nyuzi za sauti. Akasema nipasuliwe mapema, nikichelewa nitakuwa bubu, na pengine baya zaidi. Nikarudi nyumbani kwa gari la kwanza, nikaenda moja kwa moja kwa Pi Zuali, kifua mbele. Nilitaka aniwekee mkono, nipone papo hapo, kisha nikamtangazie yule daktari.

Nikamwambia, "Pi Zuali, wanataka kunikata. Mimi nimesema hapana. Mimi nitaponywa na Bwana."

Akasema, "Siku gani?"

"Siku gani nini?"

"Siku gani wanakukata? Nataka niandike."

"Mama, hujanisikia. Nimekataa!"

"Nimekusikia, na majirani wamekusikia, ndiyo maana koo limekufa. Mkeo alinipigia simu jana. Daktari anaitwa Hmingtei, ni binti wa watu wa Champhai, ana mtoto mdogo asiyelala. Tangu jana namwombea huyo binti apate usingizi na mkono usitetemeke. Sasa wewe unataka maombi yangu yote yapotee bure kwa sababu unaogopa sindano?"

Nikamuuliza kama haamini tena uponyaji. Hapo alibadilika. Akanishika kola, mama wa miaka sabini na sita, akanivuta hadi uso wake, akasema polepole, "Utakwenda. Nitakuombea ukiwa njiani, nitakuombea ukiwa kitandani, lakini utakwenda." Sikuelewa ukali ule ulitoka wapi. Nilikwenda kwa sababu nilimwogopa yeye kuliko kisu.

Nikapasuliwa, nikaamka, nikapewa amri: siku ishirini na moja bila neno, bila kunong'ona, bila wimbo. "Ukipiga kelele hata mara moja kabla ya kidonda kufunga," alisema daktari, "usije kunilaumu." Nikarudi Bualtlang nikiwa na ubao mdogo shingoni na chaki mfukoni.

Nani atatangaza sasa? Hapo ndipo mke wangu aliponishangaza. Mama Feli akatoa simu yake akasema, "Ziko humu." Ndani mlikuwa na matangazo yangu mia mbili na kumi, aliyoyarekodi kwa siri miaka yote hiyo akiwa jikoni, dirisha likiwa wazi. Nikamwandikia kwenye ubao: KWA NINI? Akasema, "Nikienda kwa mama yangu huwa nakosa usingizi bila kelele zako." Ndugu wageni waalikwa, nimeoa miaka thelathini na mbili, na siku ile nililia nikashindwa hata kulia kwa sauti.

Kwa hiyo kila asubuhi nilipanda kibandani, nikachagua tangazo linalofaa, nikaiweka simu mbele ya kipaza sauti. Mambo yalikwenda vizuri hadi siku ya kumi na mbili.

Kabla ya kuieleza siku hiyo nina la kukiri. Miaka mitatu iliyopita Pi Zuali aliugua mapafu, tukajua hamalizi wiki. Mimi nilikuwa nakwenda kwenye mkutano wa kanisa, na sikutaka kijiji kimzike mama yule kwa tangazo la mtu mwingine. Basi nikalirekodi kabisa tangazo la kifo chake, likae tayari. Lilikuwa zuri! Nilishuka pale pa kushuka, nikatetemeka pale pa kutetemeka. Niliporudi nikamkuta anachimba tangawizi. Nilimshukuru Mungu, ingawa kama fundi niliumia kidogo. Tangazo likabaki kwenye simu ya Mama Feli.

Siku ya kumi na mbili nilitakiwa kutangaza kazi ya pamoja: watu wote watoke na majembe tukafyeke njia ya chemchemi. Mama Feli alikuwa shambani. Nikabonyeza kwa dole hili mnaloliona, ambalo kwenye kioo cha simu hufunika mambo matatu kwa mpigo, nikasikia sauti yangu ikianza "Ndugu wakazi wa Bualtlang," nikaridhika, nikatoka nje kusukutua koo kwa maji ya chumvi kama nilivyoagizwa. Nani anaweza kusikia kitu akiwa anasukutua?

Nilipomaliza nikatazama chini kijijini. Loo! Watu walikuwa wanatoka kila nyumba na majembe, na sururu, mbio! Miaka yote ya utumishi wangu sijapata kuona kijiji kikiitikia kazi ya pamoja namna ile. Nikashuka nikiwa na furaha tele. Nikakutana na kundi la vijana wenye nyuso nzito, nikawanyooshea dole gumba. Nikakutana na akina mama wanalia, nikadhani ni vumbi, nikawapigia makofi. Mmoja akasema, "Jamani, ugonjwa umempanda kichwani."

Wakati huo Pi Zuali alikuwa bondeni kwenye maharage yake, ambako kipaza sauti cha upande ule kiling'olewa na upepo tangu mwaka jana. Yeye alisikia kengele ya msiba tu. Na kwa kuwa ni mtu wa watu, akanawa miguu, akapita kwa binamu yake kuazima puan ya msibani, ile nguo yetu ya kujifunga, akajifunga vizuri, akafuata watu ili akalie na wafiwa. Kwenye kona ya shule akamkuta Upa Chawngzika ana jembe begani.

"Upa, msiba wa nani?"

Upa akaachia jembe. Lilimwangukia kwenye vidole, na hadi leo kidole kimoja ni cheusi.

"Pi Zuali," akasema, "ni... ni wewe."

"Mimi? Saa ngapi?"

Mnacheka, lakini siku ile hakucheka mtu! Nyumbani kwake chai ilikuwa inachemka kwenye sufuria lake mwenyewe, ngoma inalia, nyimbo zimekolea, na kaburini vijana walikuwa wamefika magotini. Akatokea mlangoni amevaa puan ya msiba. Kisha mtu mmoja akapiga yowe, "Amefufuka!" Na mkalipuka! Wengine wanasifu, wengine wanakimbia, wengine wanataka kumgusa nguo, na simu kumi zimeinuliwa juu zinampiga picha. Kabla chai haijapoa, habari ilikuwa imevuka mto: Bualtlang mwanamke amefufuka, leteni wagonjwa.

Ndipo mimi nikafika, nikaelewa. Ubao niliuonyesha, nani ausome? Niliwavuta watu mikono, wakanikumbatia. Nikaona mama mmoja ameshika simu anamwambia ndugu yake wa mbali, "Mtoe mtoto hospitali, mlete huku!" Kulikuwa na njia moja tu, nayo ilikuwa kifuani mwangu. Nikajaza pumzi. Nilijua kwamba hiyo ndiyo ingekuwa kelele yangu ya mwisho duniani, na nilikuwa tayari, kwa maana kosa lilikuwa langu.

Pi Zuali aliiona mishipa ya shingo yangu. Akapasua umati, mama huyu mdogo hivi, akaniziba mdomo kwa kiganja kinachonuka maharage.

"Nyamaza, Vela," akasema. "Aliyekufa ni mimi, nitaeleza mwenyewe."

Akapanda kwenye benchi, akaomba ngoma ikae kimya. Akasema hakufufuka mtu, ila dole la Vela ni nene, na kwamba tangazo lenyewe, alivyosimuliwa na Upa njiani, limemwongezea miaka miwili. Akamwamuru yule mama, "Piga simu sasa hivi, mtoto abaki hospitali." Akasubiri hadi akapiga. Na ilipoonekana kwamba watu wanataka kutawanyika kwa aibu, akasema, "Kaeni. Mmeniletea chai na mchele, na leo nimekufa, basi niseme neno ambalo wafu hawapati nafasi ya kulisema."

Mlikuwapo, mnakumbuka. Lakini wageni hawalijui, na ameniruhusu. Alisema kwamba miaka thelathini na moja iliyopita mumewe, Pu Thangluaia, aliugua homa ya kifua. Dawa ilikuwako kwenye zahanati ya barabara kuu, mwendo wa nusu siku. Vijana walikuja na machela. Yeye akawarudisha. Akawaambia, tutafunga siku tatu, Bwana ataponya. Siku ya nne akamzika. "Mlidhani tulikata shauri wote wawili, kwa kuwa sikuwaambieni nani aliyekataa na nani aliyetaka kwenda," alisema. "Yeye alitaka kwenda. Nilianzisha kikundi hiki ili hapa Bualtlang mtu asiombe tena kama nilivyoomba mimi. Piga simu kwa daktari kwanza. Mimi nitaomba wakati unatembea." Akashuka kwenye benchi akaketi, akitazama mikono yake.

Je, nani aliinuka akaenda zake? Hakuna. Upa Chawngzika, na kidole chake kilichovimba, ndiye aliyeanza wimbo, na mkaimba wote, na chai ya msiba tukainywa ikaisha. Pi Zuali, nataka wageni wote wajue kwamba siku ile ndipo nilipoelewa kola yangu ilishikwa na mkono gani.

Zikapita siku tisa, amri ikaisha. Daktari akanisikiliza kwa simu, akaniruhusu kusema. Ninyi mlidhani bado nimekatazwa, nisameheni, niliwaficha. Nilikuwa nimejaribu sauti, nikasikia hii mnayoisikia. Ile ya baba yangu, ile iliyovuka bonde, haipo. Daktari alisema kwa upole kwamba hii yenye mchanga ndiyo itakayobaki. Barua ya Baraza ilipofika niliipenda, kwa kuwa ilinipa pa kujificha: simu iendelee, watu waikumbuke sauti nzuri, mimi nikae kimya kwa heshima. Nikawa naongea na mke wangu peke yake, na nguruwe.

Jumanne Pi Zuali akanifuma bandani.

"Vela! Unawahubiria nguruwe, sisi tunaandikiwa kwa chaki?"

Nikamwambia naona haya. Sauti imeharibika.

"Ile ya zamani tuliisikia miaka thelathini, hakuna aliyekuwa anaisikiliza," akasema. "Hii itabidi watege sikio. Na mimi nina shida yangu. Vijiji vitatu bado nimekufa, viwili nimefufuka, na hapa nyumbani wanangu wa kikundi wananiita marehemu kila nikichelewa kikao. Desturi unaijua kuliko mimi: tangazo la mtangazaji halifutwi ila kwa kinywa cha mtangazaji. Mnataka kunipa zawadi ya kuniaga? Sitaki blanketi. Nataka unifute kwenye orodha ya wafu."

Nikamwambia Mama Feli anaweza kuunganisha maneno yangu ya zamani kwenye simu yakatoa tangazo safi kabisa. Akatikisa kichwa. "Simu haikujua kwamba nilikuwa kwenye maharage," akasema. "Wewe unaniona."

Mheshimiwa Mwenyekiti, dakika zangu zimekwisha zamani, na jibu la Baraza nitalitoa sasa. Mke wangu, yaache yale mia mbili na kumi, ukienda kwa mama yako uyasikilize. Washa vipaza sauti vya nje, vyote vinne. Cha bondeni vijana wamekirudisha jana. Sitapiga kelele, daktari, usiwe na wasiwasi. Nitasema tu, na mashine itabeba.

Pi Zuali, simama kidogo, watu wakuone.

Tangazo. Ndugu wakazi wa Bualtlang, na ndugu wa ng'ambo ya mto mnaosikia. Pi Thangzuali, mjane wa Pu Thangluaia, wa mtaa wa kanisani, hajafa. Wala hakufufuka. Yu hai kama kawaida, ana miaka sabini na sita na si sabini na minane, amevaa puan nyekundu, amesimama mbele yangu na ninamwona kwa macho yangu. Aliyekuwa anamleta mgonjwa kwake, ampeleke kwanza kwa daktari, na mama ataanza kuomba mkiwa njiani. Anayetangaza ni mimi, Biakvela. Hii ndiyo sauti yangu. Mwisho wa tangazo.

Nawashukuru nyote mlionitegea sikio.